Mkasi na Kichaka Kisichozaa

Watu wakiniuliza habari za Mkasi, kwanza nawauliza wana muda kiasi gani. Wenye haraka nawaambia alikuwa mtunza bustani hodari, basi, waende zao. Wasio na haraka nawaambia kweli yenyewe: alikuwa mwanamume aliyekipenda kichaka kimoja kwa miaka mingi, nami nilikuwa mwanamke niliyekaa pembeni nikingoja amalize.

Bustani ilikuwa ya mji, yenye miti iliyobandikwa vibao vya majina ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyatamka. Mimi nilikuwa mkata tiketi. Nilikaa kwenye kibanda cha bati langoni, chenye dirisha dogo la nondo, na nikigeuza kiti kidogo niliweza kuona kitalu chote cha miche na mtu wake ndani. Nadhani nilikuwa mkata tiketi pekee aliyefanya kazi huku amewapa wateja mgongo.

Yeye tulimwita Mkasi kwa sababu mkasi wa kupogolea haukumtoka kiunoni. Alikwenda nao benki, alikwenda nao msibani. Alikuwa mrefu, mwembamba, amepinda mabegani kwa kuinamia mimea, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Hakuwa na mke wala mtoto. Ndugu zake walimletea wachumba wa kuangaliana nao, na kila mchumba alitembezwa bustanini, akaonyeshwa kichaka, akarudi zake na tope kwenye viatu. Wa mwisho alisimama dirishani kwangu akaniuliza, "Samahani mama, huyu ana akili timamu?"

Nikamwambia, "Timamu kabisa. Tatizo ameshaoa."

Kichaka chenyewe ukikiona hukipi heshima. Kilifika kiunoni, majani madogo magumu, juu kijani na chini kijivu kama yamepakwa majivu. Lakini kikichanua! Maua meupe, kooni yana wekundu kidogo, na harufu yake huisikii ila asubuhi. Kwa sababu ya weupe ule wafanyakazi walikibatiza Bi Harusi. Ukoo wake wote ni mdogo, una aina chache tu, na kila aina imejitenga na nyingine: moja juu ya jabali fulani, nyingine ng'ambo ya mto, nyingine safari ya siku mbili. Kama ndugu waliogombania mirathi, kila mmoja kashika njia yake na hawatembeleani.

Huyu wa kwetu alitoka kwenye kilima cha mawe nje ya mji. Mkasi alimkuta huko akiwa kijana, peke yake, hana mwenzake kilima kizima. Akakata vijiti, akaja kuviotesha kitaluni. Baadaye kilima kikauzwa kwa wavunja kokoto, na leo ukienda hukuti kilima wala kichaka. Kwa hiyo vile vijiti ndivyo vilivyobaki. Mkasi alikuwa na mkono wa baraka. Angeweza kuotesha hata mpini wa jembe. Vijiti vikawa miche, miche ikakatwa vijiti vingine, mpaka kitalu kikawa na Bi Harusi arobaini na kitu, wote wazima, wote wanachanua.

Na wote hawazai.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kila msimu ua likidondoka palibaki kijitunda kidogo, Mkasi akawa anakitembelea asubuhi na jioni, na kikifika ukubwa wa punje ya dengu kinanyauka na kuanguka. Mbegu hakuna. Na mmea usio na mbegu, aliniambia, ni mtu asiye na kesho. Ugonjwa mmoja ukipita, ukoo umefungwa. Alibadilisha udongo. Alipunguza maji, akaongeza maji. Aliwahamishia juani, akawarudisha kivulini. Akafikiri labda nyuki hawampendi, akaanza kuwaoza mwenyewe kwa brashi ndogo ya rangi. Alifunga uzi wa buluu kwa nusu ya vichaka, akasema hawa ndio mabwana, na uzi mweupe kwa nusu nyingine, ndio mabibi. Halafu anachukua unga wa ua la huyu, anampaka yule kwenye ncha ya katikati, taratibu, anapumua kwa pembeni asiupeperushe. Wageni wa bustani walisimama kutazama wakidhani ni maonyesho.

Mimi nilikuwa mjane wa siku nyingi, watoto wangu wameshashika miji yao. Nyumbani kwangu palikuwa na chumba kimoja, redio, na viti viwili ambavyo kimoja hakikuwahi kuchakaa. Nilipika sufuria ndogo na bado nilibakiza. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili ieleweke kwa nini nilianza kupeleka chai kitaluni. Alikuwa anakunywa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nami juu ya gunia la mboji, tunatazama vichaka kama wazazi kwenye mkutano wa shule. Aliniita Bi Tiketi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na ningemjibu mwingine vibaya.

Siku moja nikamchokoza. "Mkasi, hivi wewe utaoa lini? Au mpaka meno yaishe?"

Akachovya kidole kwenye chai, akatoa jani lililoangukia humo. "Nikipata mbegu ya huyu nitatulia," akasema. "Nitakuwa na nafasi ya mambo mengine." Halafu akanitazama. Sikuota, alinitazama, na hakugeuka upesi.

Basi. Juu ya neno hilo nilijenga ghorofa. Tangu siku ile mbegu ya Bi Harusi niliihitaji mimi pengine kuliko yeye. Vijitunda vikianguka nami nakosa hamu ya kula. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakusema zinaiva lini.

Kisha akaja mtaalamu wa mimea kutoka chuo, msichana mpole mwenye kofia kubwa, anafuatilia ukoo ule ule wa vichaka mahali pote ulipotawanyika. Alipowaona arobaini wamejipanga alishika mdomo kwa furaha. Akapita kati yao akipapasa majani, akafika kwenye zile nyuzi.

"Mzee, hizi za nini?"

Mkasi akamweleza, mabwana hapa, mabibi pale. Nilikuwa nimeleta chai, nikaona uso wa yule binti unabadilika. Hakucheka. Ningependa ijulikane kwamba hakucheka.

"Wote hawa walitoka wapi?" akauliza.

"Kwa mama mmoja. Kilimani."

"Kwa vijiti?"

"Kwa vijiti. Vya kwake, na vya watoto wake."

Binti akachuchumaa kwanza, ndipo akasema. "Mzee wangu, hawa si watoto wake. Kijiti ukikipanda ni yeye mwenyewe tena. Hapa huna arobaini. Unaye mmoja, amesimama mahali arobaini. Na jamii hii ua halipokei unga wake lenyewe. Linautambua, linaukataa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Umekuwa unamwoza mtu na nafsi yake."

Mkasi alianza kufungua nyuzi moja moja, za buluu na nyeupe, akazitia mfukoni. Alifika mpaka kichaka cha mwisho. Halafu akaketi kwenye ndoo yake, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikamwona anatazama ardhi bila kutafuta kitu. Miaka yote ile alidhani amemtoa mpweke yule kilimani na kumzungushia ukoo. Kumbe alimzungushia vioo. Nilitamani nimshike bega. Nikamwongezea chai.

"Anahitaji mwenzake," binti alisema kabla hajaondoka. "Wa aina hiyo hiyo, aliyetoka kwenye mbegu nyingine. Nitatafuta."

Nilimchukia kidogo kwa kuvunja moyo wa mtu, kisha nikamwombea dua ndefu, maana sasa kesho yangu ilikuwa mikononi mwake. Alitafuta kweli. Aliuliza huku na huko, akazunguka, na mwaka uliofuata akapiga simu: ameonekana mmoja wa aina ile ile, safari ya siku mbili, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Mkubwa, mzee, shina kama paja la mtu. Na yuko karibu kuchanua.

Mkasi aligeuka mtu mwingine. Aliwapogoa wa kwetu kwa kuchelewesha, ili maua yao yafuate ya yule wa kule kwa majuma machache. Akaomba likizo. Akatafuta vichupa vya dawa vilivyokwisha, akavikausha juani, akatia punje za mchele mkavu chini yake unyonye unyevu, juu akaweka kitambaa chepesi cha kuwekea chavua, yaani ule unga wa ua. Mpango ulikuwa hivi: ataukusanya kule, atautuma kwa basi, na huku nitampaka Bi Harusi mimi.

"Mimi?" nikasema. "Mimi najua kuchana tiketi."

"Mkono wako hautetemeki," akasema. "Nimeutazama."

Kwa hiyo alikuwa ameutazama! Alinifundisha asubuhi tatu au nne mfululizo. Namna ya kushika brashi, namna ya kusubiri ncha ya ua iwe na utelezi kidogo, namna ya kulifunika kwa kijifuko cha shashi likishapakwa. Alisimama karibu yangu, ananuka udongo na sabuni ya kipande. Nilikosea makusudi mara mbili ili arudie. Akaondoka na begi dogo, mkasi kiunoni, kondakta akamwambia auvue, wakabishana mpaka basi likapiga honi.

Alisema atakaa wiki mbili. Zilipokwisha, simu yake ikaja nikiwa dirishani, nina foleni ya wanafunzi.

"Bi Tiketi, sirudi kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

Akaeleza. Watoto wa mwalimu wanataka kujenga vyumba vya kupangisha pale pale penye kichaka. Yule mzee anawazuia, lakini ana miaka mingi na pumzi kidogo. Kichaka ni kizee, vijiti vyake havishiki mizizi. Njia iliyobaki ni kuchubua tawi likiwa bado mtini, kulizungushia udongo na nailoni, na kungoja litoe mizizi lenyewe. Hilo linaweza kuchukua mwaka, au miwili, na lazima awepo mtu wa kulilowesha na wa kusimama mbele ya jembe siku wakija. Mwalimu amempa chumba. Msimamizi wa bustani ameshaambiwa.

"Na hawa wa huku?" nikauliza.

"Hao wana wewe."

"Na mimi nina nani?"

Lilinitoka hivyo hivyo, mbele ya wanafunzi. Alilisikia. Najua alilisikia kwa sababu alivuta pumzi, nikamngoja, na wale watoto wote wakanitazama.

"Chavua nimeipakia kwenye basi la leo," akasema. "Usiache ipate joto."

Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Nilikwenda kuchukua kifurushi ofisi ya mabasi nikiwa nimeuma meno. Kichupa kilikuwa kidogo kiasi cha kupotea kiganjani, na ndani yake unga wa manjano usiojaza hata kijiko. Nilikipeleka nyumbani nikakiweka mezani, nikakaa mbele yake mpaka chakula kikapoa. Ingekuwa ni mke mwenza ningejua la kufanya, ningemtafuta tukaambiana. Lakini utagombana vipi na kichaka? Na sasa kimekuwa viwili, kimoja kinamshikilia kule na kingine nimeachiwa mimi nikilee. Beseni la maji machafu lilikuwa pale miguuni. Ningeumimina unga humo, ningesema kifurushi kilifika kimelowa, na hakuna binadamu ambaye angejua. Maua ya Bi Harusi hukaa wazi siku chache tu. Hata kutofanya kitu kungetosha.

Asubuhi nilifika bustanini kabla ya mfagizi. Walikuwa wamechanua wote, na ile harufu imejaa kitaluni hata ukiivuta inafika tumboni. Nilisimama na brashi, nimekasirika mpaka machozi. Kisha nikamtazama kichaka wa kwanza. Hakunikosea kitu. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo anafungua maua yake kila msimu, anangoja, anapelekewa nafsi yake mwenyewe, anakataa, anangoja tena. Nilimwelewa mno nisiweze kumfanyia vile.

Nikaanza. Ua moja, jingine, jingine. Nilipaka nikilia, na kila nilipohisi chozi linataka kudondoka nilirudi nyuma nisije nikalowesha. Ningependa kusema nilifanya kwa ajili ya mmea tu. Naongopa. Nilifanya pia kwa sababu bado nilikumbuka alivyonitazama juu ya kikombe, na moyo wa mtu mzima ni mjinga kuliko wa mtoto. Wateja wa kwanza walinikuta nina manjano mpaka puani.

Vijitunda vikatoka. Vikafika ukubwa wa dengu, nikaacha kulala. Vikapita dengu. Vikawa vigumu, vikawa vya kahawia, na siku moja nilipobonyeza kimoja ndani ya shashi kikapasuka pande tano, na mbegu zikamwagika mfukoni mwa kitambaa, nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Nilikaa chini palepale kwenye tope. Kisha nikampigia.

"Zimeshika," nikamwambia. "Zimeiva. Ninazo mkononi."

Alilia tu, kilio cha mtu asiyejua kulia, cha kukwama kwama, nami nikamngoja amalize. Kungoja nilikuwa nimeshafuzu.

Nilizipanda mwenyewe. Zilipoota nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kitaluni mle. Wale arobaini walifanana hata jani kwa jani. Hawa kila mmoja alikuja na sura yake: huyu shina jekundu, yule majani membamba, yule mfupi mkaidi anayeota upande. Nilikuwa nikifunga dirisha la tiketi mapema kidogo ili niwatazame, na msimamizi akilalamika namwambia akakate yeye.

Mkasi alikuja miche ilipofika shubiri moja. Alinipigia kuniambia siku. Nilisuka nywele, na nilinunua gauni, na nilipiga pasi hata kitambaa cha meza, maana nilikuwa nimepanga kumkaribisha kwangu chakula cha jioni, akae kwenye kile kiti kingine. Mbegu ilikuwa imepatikana. Nafasi aliyoisema sasa anayo. Niliyapanga maneno yangu njia nzima.

Alishuka na tawi lenye mizizi kwenye kiriba cha nailoni, zawadi ya kitalu chetu, amelipakata kama mtoto mgonjwa. Nywele zimeingia mvi. Alinisalimia kwa mikono miwili, macho yake yakiwa yameshanipita. Akaenda moja kwa moja kwenye miche, akapiga magoti, akawagusa mmoja mmoja, akicheka peke yake. Alikaa nao mchana wote. Nilileta chai. Akanisimulia kwamba mwalimu amefariki, lakini aliwausia watoto wake uwanja ule usiguswe, nao wamekubali Mkasi aendelee kukaa chumbani na kumtunza yule mzee wa kichaka. Alilisimulia kama habari njema. Akaomba nusu ya miche, wasikae wote mahali pamoja. Nikamfungia kwenye boksi, nikitenganisha na magazeti.

"Hulali hata leo?" nikauliza. "Nimepika."

"Kuna basi la jioni. Hawa hawatakiwi kukaa muda mrefu kwenye boksi."

Nilimsindikiza mpaka langoni. Pale aliweka boksi chini, na hilo lilinishtua, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka miche chini. Akanishika mikono yote miwili, akanitazama kama alivyonitazama siku ile, na macho yake yalikuwa na machozi. Nikayasahau maneno yangu yote.

"Ulichonifanyia," akasema, "hata wa damu yangu hakuna aliyenifanyia. Uliniuliza una nani, nami nilikosa jibu. Nimelifikiria siku zote hizi." Akaikaza mikono yangu. "Unaye mimi. Kuanzia leo wewe ni dada yangu wa tumbo moja."

Alisema kwa moyo wake wote. Nilimwona anavyonipa kilicho kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na anavyosubiri kuona nimekipokea.

Nikaliinua boksi, nikamkabidhi mikononi.

"Asante," nikamwambia. "Safari njema, kaka."